Ziara ya Mafunzo katika Makumbusho ya Fort Jesus: Namna ya Kumfundisha Mtoto Kuisaili Merikebu Iliyozama

Utangulizi

Wahenga walisema, "Tembea uone", na wahenga hao hao wakasema, "Mtembezi hula miguu yake." Methali hizi mbili hazipingani. Ya kwanza humsifu atembeaye akiwa na macho ya kuonea, na ya pili humwonya atembeaye bila ya haja. Ziara za shule zimo pande zote mbili, na ni kazi ya mwalimu kuamua upande upi watoto wake watakuwamo.

Katika kukagua mazoezi ya kufundisha tumesoma insha nyingi zilizoandikwa na watoto baada ya kuzuru makumbusho. Aghalabu insha hizo hufanana kama matone ya mvua: tuliamka mapema, tukapanda basi, tukaimba, tukafika, tukaona vitu vya kale, tukala, tukarudi tukiwa tumechoka. Safari imeelezwa kwa urefu. Vitu vya kale vimepewa sentensi moja. Mtoto hana lawama katika jambo hili. Ameandika alichokiona, na alichoonyeshwa ni basi.

Makala haya yanakusudia kumsaidia mwanachuo anayejiandaa kufundisha shule ya msingi aweze kupanga ziara moja mahususi, nayo ni ya kwenda Fort Jesus, Mombasa, kutazama mabaki ya merikebu ya Santo António de Tanná. Tumeichagua kwa sababu akiolojia ya baharini, yaani elimu ya mambo ya kale yaliyozama majini, humfundisha mtoto jambo ambalo kitabu hakiwezi kumfundisha vizuri: kwamba historia haikuteremka ikiwa imekwisha andikwa, bali hupatikana kwa kuvisaili vitu. Tunatumia neno "kuisaili" kwa makusudi. Kitu cha kale hakisemi mpaka kiulizwe.

Mambo yampasayo mwalimu kuyajua kabla

Mwalimu asiyeijua habari ya merikebu hii atawategemea waongozaji wa makumbusho kwa kila neno. Waongozaji wanaifahamu kazi yao, lakini hawawajui watoto wako. Basi yafaa mwalimu awe na mambo yafuatayo kichwani.

Fort Jesus ilijengwa na Wareno kati ya mwaka 1593 na 1596, kwa ramani ya Mtaliano Giovanni Battista Cairati. Mwezi wa Machi 1696 majeshi ya Imamu Saif bin Sultan wa Oman yaliizingira. Mazingira hayo yalidumu hadi Desemba 1698, muda wa miezi 33 hivi, ndipo Waomani wakaingia ngomeni. Waswahili wengi wa Mombasa, waliokuwa wamechoshwa na utawala wa Wareno, walikuwa upande wa Oman.

Santo António de Tanná ilikuwa merikebu ya vita yenye mizinga 42. Iliundwa Bassein, katika pwani ya magharibi ya India, mwaka 1681, kwa mbao za msaji. Tanná ni mji ulio karibu na hapo, ambao leo huitwa Thane. Ilitoka Goa ikaja Mombasa mwezi wa Desemba 1696 pamoja na vyombo vingine kuleta msaada, kisha ikaenda Msumbiji. Ilirudi Mombasa Septemba 1697. Ilipokuwa imetia nanga mbele ya ngome, amari zake zilikatika, ikakwama pwani na kupoteza usukani. Mwezi wa Oktoba 1697 ikazama chini ya ngome ile ile iliyokuja kuiokoa.

Kabla merikebu haijarudi palitokea jambo ambalo tungependa kila mtoto wa pwani alijue. Ndani ya ngome njaa na maradhi yalikuwa yamewaua karibu askari wote wa Kireno, na mwezi wa Agosti 1697 kamanda wao naye akafa. Aliyeshika uongozi ni Bwana Daud, wa ukoo wa watawala wa Faza katika kisiwa cha Pate, pamoja na jamaa zake na Waafrika wachache waliosalia, wanaume kwa wanawake. Watu hao ndio waliolinda kuta mpaka msaada ulipofika.

Mwalimu alitie maanani jambo hili, maana lina uzito mkubwa katika ufundishaji. Mtoto akiambiwa kwamba ngome ni ya Wareno, mazingira ni ya Waomani na merikebu ni ya Goa, atauliza moyoni mwake, hata asipoliuliza kwa mdomo: "Na sisi tulikuwa wapi?" Jibu ni kwamba tulikuwa pande zote mbili za ukuta. Tena tulikuwamo hata melini, kwani merikebu za Wareno katika Bahari ya Hindi hazikuendeshwa na Wareno peke yao. Walikuwamo Wahindi na Waafrika, walio huru na walio watumwa. Mwalimu asilifiche neno hilo la mwisho.

Mabaki ya merikebu yaligunduliwa na wapiga mbizi katika miaka ya 1960. Kati ya mwaka 1977 na 1980 Makumbusho ya Taifa ya Kenya, kwa kushirikiana na taasisi ya akiolojia ya baharini kutoka Marekani, yalifanya uchimbaji ulioongozwa na Robin Piercy. Vitu vilivyopatikana vililetwa ngomeni. Ubavu wa merikebu wenyewe ulipimwa, ukachorwa, kisha ukafukiwa tena kwa mchanga pale pale ulipo.

Kabla ya ziara

Kwanza, mwalimu atangulie peke yake. Aende siku ya wiki asubuhi, apite njia watakayopita watoto, ahesabu vyoo, atafute kivuli, atazame kuta ndefu na ngazi ambapo mtoto aweza kuanguka, na achague vitu vitatu au vinne tu vitakavyofanyiwa kazi. Awaarifu wakuu wa makumbusho siku na saa ya kuja, idadi ya watoto na shabaha ya somo. Aulize pia kama kitu alichokichagua kitakuwapo, kwani vitu vya maonyesho huweza kuhamishwa.

Pili, darasa litayarishwe. Twapendekeza vipindi vitatu katika muda wa wiki mbili kabla ya safari. Mifano ifuatayo imekusudiwa watoto wa miaka 11 au 12.

*Kipindi cha kwanza: Kukisaili kitu.* Mwalimu alete darasani kitu kilichotumika sana: sufuria iliyobonyea, mbuzi ya kukunia nazi au kinu kilichopasuka. Watoto wasiulizwe "Hiki ni nini?" maana swali hilo lina jibu la neno moja, na mtoto mmoja akilisema wengine hukaa kimya. Waulizwe maswali haya matano:

1. Kimetengenezwa kwa kitu gani, na kitu hicho hupatikana wapi?
2. Kina alama gani za kutumiwa?
3. Nani alikitengeneza, na nani alikitumia? Je, ni mtu yule yule?
4. Kilifikaje hapa?
5. Kwa nini kiliachwa?

Majibu yaandikwe ubaoni katika safu tatu: *Ninaona*, *Nadhani*, *Nataka kujua*. Masizi chini ya sufuria yaingie katika safu ya kwanza. "Ilipikiwa kwa kuni" iingie katika ya pili. "Ilipikiwa watu wangapi?" iingie katika ya tatu. Kipindi hiki kisifupishwe. Mtoto aliyejifunza kutenga anachokiona na anachokidhani amekwisha shika nusu ya kazi ya mwanahistoria.

*Kipindi cha pili: Mraba wa mchanga.* Katika uwanja wa shule mwalimu afukie vigae, kopo, shanga na vipande vya mbao, vingine pamoja na vingine mbalimbali. Juu yake atandike kamba za katani ziwe miraba ya mita moja moja. Kila kundi lichimbe mraba wake polepole kwa mikono, na lichore katika karatasi mahali pa kila kitu *kabla ya kukiinua*. Kundi moja liruhusiwe kuvitoa vitu vyake haraka bila kuchora. Mwishoni mwalimu aulize makundi yote: "Shanga zilikuwa karibu na kopo au mbali nalo?" Kundi lililofanya haraka halitaweza kujibu, ingawa vitu vyote limevishika mkononi. Hapo watoto wataelewa bila hotuba kwa nini wataalamu walitumia misimu kadhaa chini ya maji, na kwa nini mtu anayeokota kigae baharini ili akiuze amechukua kigae na kuharibu habari.

*Kipindi cha tatu: Chumvi, maji na wakati.* Siku kumi na nne kabla ya kipindi hiki, mwalimu aweke misumari mitatu ya chuma: mmoja katika chupa kavu, wa pili katika maji ya mvua, wa tatu katika maji ya chumvi. Siku mbili kabla, akate vipande viwili sawasawa vya mgomba. Kimoja kikae majini, kingine kikae juani. Watoto wakivitazama wataona kutu, na wataona kipande cha juani kimenywea na kujikunja. Ndivyo mbao zilizolowa kwa karne nyingi zinavyofanya zikitolewa baharini na kuachwa zikauke: maji yaliyokuwa yakizishikilia hutoka, nazo hupasuka.

Hapa mwalimu ana nafasi ya kujibu swali ambalo watoto wote huuliza Fort Jesus: "Mbona meli yenyewe haipo?" Aeleze kwamba merikebu ya Vasa, iliyozama Stockholm mwaka 1628, iliinuliwa mwaka 1961, kisha ikanyunyiziwa dawa ya kushika mbao kwa muda wa miaka 17, toka 1962 hata 1979, na ikajengewa nyumba yake. Kazi hiyo inataka fedha na uangalizi usio na mwisho. Mchanga na tope huzuia hewa na wadudu watoboao mbao. Kwa hiyo ubavu wa Santo António, uliofukiwa tena, umehifadhiwa na bahari yenyewe. Si kila kitu cha kale huokolewa kwa kutolewa kilipo.

Siku ya ziara

Kila watoto kumi wawe na mtu mzima mmoja, na kila mtu mzima awe na orodha ya majina ya watoto wake. Wazazi wanaokuja kusaidia waelezwe shabaha ya somo, la sivyo watawajibia watoto kwa wema wao. Mtoto mwenye ulemavu apangiwe njia yake mapema katika ile safari ya kwanza ya mwalimu. Asiachwe langoni akilinda mikoba.

Muda wa saa tatu watosha. Tunashauri vituo vitatu.

*Kituo cha kwanza: ukutani, upande wa bahari.* Waanzie hapa, wala si katika vyumba. Wasimame mahali palipo salama watazame chini. Merikebu imelala pale, penye kina cha kama mita 15. Mwalimu ataje mnazi au jengo wanalolijua ili wapate kipimo. Waulizwe: "Upepo unatoka wapi leo? Chombo kitokacho Goa mwezi wa Novemba kingeletwa na upepo gani? Kitokacho Msumbiji mwezi wa Agosti je?" Mtoto wa pwani anazijua kaskazi na kusi tangu utotoni, hapa atagundua kwamba ujuzi wa nyumbani kwao ndio unaoeleza tarehe za vita.

*Kituo cha pili: chumba cha maonyesho.* Kila kundi la watoto sita hadi wanane lipewe kitu kimoja, na likae nacho dakika ishirini. Wanachuo wengi huogopa muda huo wakidhani watoto watachoka. Hawachoki wakiwa na kazi ya kufanya. Kazi ya kwanza ni kuchora, na wachore *kabla ya kusoma maelezo* yaliyobandikwa. Jambo hili tunalisisitiza kuliko yote. Mtoto akiyaona maelezo hutoa kalamu na kuyanakili, na akinakili hakitazami kitu tena. Hurudi nyumbani na daftari lililojaa na kichwa kitupu. Baada ya kuchora ajaze safu zake tatu, ndipo asome maelezo na kulinganisha.

Mwalimu apite kundi hata kundi akiuliza, asieleze. Kwa mfano, mbele ya chombo cha udongo:

— Chombo hiki kina mpini?
— Hakina, mwalimu.
— Basi kilishikwaje kikiwa kimejaa?
— Labda kwa mikono miwili.
— Na bahari ikichafuka?

Maswali kama hayo humtoa mtoto katika kuta za chumba na kumweka katika chombo kinachoyumba. Hapo ndipo ataanza kuuliza ni nani aliyekuwa akipika humo, alitoka wapi na aliitwa nani. Jina hatalipata, na kulikosa huko nako ni somo juu ya historia iliwaandika akina nani na ikawaacha akina nani.

*Kituo cha tatu: michoro ya ukutani.* Makumbusho yamehifadhi michoro iliyochorwa ukutani na askari wa Kireno, na miongoni mwake imo michoro ya vyombo vya baharini. Watoto watafute mlingoti, tanga, omo na shetri. Waulizwe: "Askari aliyefungiwa ngomeni anachora meli kwa nini?" Jibu lolote lenye sababu likubaliwe.

Baada ya ziara

Ziara isiyofuatiwa na kazi darasani ni kama shamba lililolimwa lisipandwe. Tunapendekeza kazi hizi, na mwalimu achague zinazomfaa:

*Lugha.* Insha isiwe "Ziara yetu", bali "Kitu nilichokisaili". Kadhalika watoto wakusanye maneno ya chombo kutoka kwa wazee na mafundi: mkuku, mataruma, foromali, ngama, kalafati. Waangalie pia maneno tuliyoyapata kwa Wareno, kama meza, bendera na gereza. Neno hili la mwisho asili yake ni neno la Kireno lenye maana ya kanisa, nalo lilikuja kuwa na maana ya kifungo. Na ngome hii, iliyokuwa na kanisa ndani yake, ilitumika kuwa jela toka 1895 hadi 1958.

*Hesabu.* Merikebu ilikuwa na umri gani ilipozama? Ilikaa majini miaka mingapi kabla ya uchimbaji kuanza? Chora mstari wa wakati kwa kipimo cha sentimita moja kwa miaka kumi.

*Historia na uraia.* Darasa ligawanywe mara mbili. Upande mmoja useme kwa niaba ya wazee wa Mombasa waliokuwa na Waomani, upande wa pili kwa niaba ya Bwana Daud wa Faza. Kila upande utoe sababu zake. Mwalimu asitoe hukumu. Watoto waone kwamba watu wa pwani moja, wenye lugha moja, waliweza kuchagua njia mbili wakati wa shida, na kwamba kuelewa sababu ya mtu si sawa na kumkubali.

*Utunzaji.* Watoto wafundishwe la kufanya wakikuta kigae au mbao za kale pwani: wasikiondoe, wapakumbuke mahali, wamwambie mwalimu ili makumbusho yaarifiwe. Vitu hivyo vinalindwa na Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006.

Katika kupima maendeleo, mwalimu asihesabu mambo ambayo mtoto ameyakariri. Ampe kitu kipya ambacho hajakiona, aone kama ataweza kujaza zile safu tatu bila kuzichanganya.

Gharama, na shule zilizo mbali

Ziara ina gharama, na katika kila darasa wamo watoto ambao wazazi wao hawawezi kulipa. Mtoto aliyebaki nyumbani siku ya ziara hujifunza naye somo siku hiyo, nalo ni kwamba historia ni ya wenye nauli. Kama fedha hazitoshi kwa wote, ni afadhali kwenda mahali pa karibu pamoja kuliko kwenda mbali nusu nusu. Kamati ya shule iarifiwe mwanzo wa mwaka ili michango ipatikane kidogo kidogo, bila jina la mtoto kutajwa.

Shule iliyo mbali na Mombasa haikosi la kufanya. Vipindi vile vitatu vya matayarisho havihitaji basi. Fundi wa jahazi, wa ngalawa au wa mitumbwi ya ziwani aweza kualikwa shuleni na zana zake, naye ni makumbusho yenye kusema. Darasa laweza kuwa na meza ya vitu vya kale vilivyoazimwa kwa wazee, kila kimoja na kadi iliyoandikwa na watoto wenyewe. Mtoto aliyeisaili ngalawa kuukuu ya kijijini kwa dakika ishirini amejifunza zaidi ya yule aliyekimbizwa katika vyumba vyote vya Fort Jesus kwa muda huo huo.

Maswali ya kujadili

1. Chagua kitu kimoja kilicho katika mazingira ya shule utakayofanyia mazoezi. Andaa maswali matano ya kukisaili, bila kutumia swali lenye jibu la neno moja.
2. Mzazi anasema kwamba ziara ni kupoteza siku ya masomo. Ungemjibuje?
3. Mtoto anakuletea sahani ya kale aliyoiokota pwani, akitarajia sifa. Utamwambia nini, na utafanya nini na sahani hiyo?
4. Ungewaelezaje watoto wa miaka 11 habari ya watumwa waliokuwamo melini, bila kuificha na bila kuwatia hofu?